Hita ya Maji Imekufa? Kagua Nyumba Kwanza, Dukani Uende Mwisho

Kipupwe kikiingia Arusha, Mbeya, Iringa au Njombe, maji yaliyolala kwenye simtanki usiku kucha hayaogeki. Ndicho kipindi ambacho hita iliyokuwa ikisuasua tangu masika inagoma kabisa, na mwenye nyumba anakimbilia dukani jioni ileile. Anaonyeshwa shawa ya umeme ya bei nafuu na hita ya tangi inayong'aa, anachagua kwa macho na kwa kilichomo mfukoni. Haupiti muda breka inakatika kila mtu akioga, au maji yanatoka vuguvugu, au bomba linapiga shoti.

Kinachoamua hita gani ununue ni nyumba yako: tangi limekaa juu kiasi gani, maji yana chumvi au la, waya wa bafuni ni mnene kiasi gani, ethi (waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja) ni nzima au imekufa, na Luku yako, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, iko kundi gani la bei. Ukishayajua hayo, dukani unamaliza haraka. Nimeandika nikiwa na picha ya nyumba ya kawaida ya nyanda za juu za Tanzania: simtanki juu ya mnara au kwenye dari, umeme wa njia moja, bafu moja au mawili. Aliye Limuru au Nakuru atafaidika na mengi hapa, ila hesabu za Luku zitakuwa za kwao.

Hakikisha imekufa kweli

Hita ya tangi ina vitu vichache ndani yake: tangi lenyewe, elementi inayopasha, thamostati inayopima joto, fimbo ya anodi inayolinda tangi lisiliwe na kutu, na vali ya usalama kwenye njia ya maji baridi. Kinachomaliza maisha ya hita ni tangi. Maji yakivuja kwenye mwili wa tangi, kutu imeshatoboa kutoka ndani na hakuna gundi wala kuchomelea kutakakodumu. Hiyo ng'oa.

Lakini tazama vizuri maji yanatoka wapi. Matone kwenye vali ya usalama wakati hita inapasha ni kazi ya kawaida. Maji yakipanda kutoka nyuzi 20 hadi 60 yanatanuka kwa karibu asilimia 1.5, kwenye tangi la lita 80 hiyo ni zaidi ya lita moja, na lazima ipate pa kutokea. Kuna watu wamenunua hita mpya kwa sababu ya matone hayo. Wengine wamefanya jambo baya zaidi, wameziba tundu la vali kwa plagi ya bomba ili lisichafue ukuta. Usifanye hivyo kamwe. Tangi lililozibwa, thamostati ikagoma kukata, linaweza kulipuka na kubomoa ukuta.

Taa ya hita ikiwaka lakini maji ni baridi, tatizo ni thamostati au elementi. Zima umeme kwenye breka, fungua kifuniko cha chini, utaona kitufe kidogo kwenye thamostati ambacho huruka joto likizidi. Kibonyeze. Kikiruka tena baada ya siku chache, badilisha thamostati. Na kama breka inakatika mara tu unapowasha hita, mara nyingi ganda la elementi limepasuka na umeme unavuja kwenye maji. Elementi na thamostati zinauzwa peke yake kwa sehemu ndogo ya bei ya hita mpya, na fundi mzuri anazibadilisha asubuhi moja.

Shawa ya umeme nayo elementi yake inauzwa kivyake. Ila ukifungua ukakuta viungo vya waya vimekuwa vyeusi na plastiki imeyeyuka, usibadilishe kitu chochote bado. Hapo waya ni mwembamba au kiungo kimelegea, na shawa mpya itaungua palepale.

Kagua maji

Chukua tepu ya kupimia, pima kimo kutoka kitako cha simtanki hadi kichwa cha shawa. Kila mita 10 za kimo ni baa 1 ya presha. Tangi lililo mita 2 juu ya shawa linakupa baa 0.2, ambayo ni ndogo lakini inatosha shawa nyingi za umeme zilizotengenezwa kwa presha ndogo. Nyingi zinaomba angalau mita 1. Ndani ya shawa hizo kuna kiwambo cha mpira. Maji yakikisukuma ndipo umeme unaunganika. Yakiwa dhaifu, kiwambo hakisogei na shawa haiwaki hata ikiwa mpya kabisa. Kabla ya kulaumu shawa, safisha chujio lake na kichwa chake. Mchanga kidogo tu unatosha kuizima.

Presha kubwa nayo ina tabu yake. Shawa ya kilowati 5.5 inaweza kupandisha joto la maji kwa nyuzi 20 ikiwa yanapita kama lita 4 tu kwa dakika. Kama maji ya asubuhi Njombe ni nyuzi 15, unahitaji kuyapandisha nyuzi 25 ili yafike 40, na hapo ni lita 3 na kidogo kwa dakika. Weka ndoo ya lita 10 chini ya shawa, fungulia, tazama saa. Ikijaa ndani ya dakika moja, utaoga vuguvugu mpaka upunguze maji kwenye koki. Ikichukua dakika mbili na nusu au tatu, mko sawa.

Kisha chumvi. Birika likiwa na ukoko mweupe ndani na sabuni ikigoma kutoa povu, maji yako ni magumu. Na ukiyaonja yakawa na ladha ya chumvi, kama ya visima vingi vya Dar es Salaam, Dodoma na Singida, jua shawa ya kawaida si yako. Shawa nyingi za bei nafuu zina elementi ya waya mtupu unaogusa maji moja kwa moja. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri zaidi, kwa hiyo yanaula waya na kuongeza umeme unaovuja. Kwa maji hayo nunua yenye elementi iliyovikwa ganda, na kwenye boksi huwa imeandikwa kuwa ni ya maji ya chumvi.

Kagua waya, na zaidi ya yote ethi

Hesabu ni nyepesi: gawanya wati kwa volti. Shawa ya wati 5,500 kwenye umeme wa volti 230 inavuta ampia 24. Waya wa milimita 2.5 za mraba uliokwenda kwenye soketi haujatengenezwa kubeba mzigo huo. Unapata moto ndani ya ukuta usikouona. Shawa ya namna hii inataka laini yake peke yake kutoka kwenye meni swichi, waya wa milimita 6 za mraba, breka ya ampia 32. Hita ya tangi ya wati 1,500 inavuta ampia 6.5 tu, kwa hiyo waya wa 2.5 wenye breka ya ampia 16 unatosha, pamoja na swichi ya ncha mbili ya ampia 20 iliyowekwa nje ya bafu. Kama nyumba yako ni ya zamani na hakuna laini ya kutosha hadi bafuni, hita ndogo ya tangi inaweza kukuokoa gharama ya kupasua kuta.

Sasa ethi, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Toka nje, tafuta mahali waya wa kijani, au wa kijani na njano, unaposhuka ukutani na kuingia ardhini. Mara nyingi ni karibu na mita, kwenye kishimo kidogo chenye mfuniko wa saruji. Fukua kidogo. Unachotaka kuona ni fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini, kibano kilichokaza, na waya usio na mkato. Unachoweza kukuta ni waya uliokatwa na jembe mtu akipanda maua, kibano kilichoota ukungu wa kijani mpaka ukikigusa kinacheza, au fimbo yenyewe imeng'olewa na wauza shaba. Mle ndani taa zinawaka na runinga inaonyesha kama kawaida, kwa sababu ethi haina kazi inayoonekana mpaka siku umeme unapovuja.

Halafu panda bafuni utazame nyuma ya shawa ya zamani. Nyaya tatu zinatoka kwenye shawa. Mbili zimeunganishwa, na ule wa kijani umekunjwa ukafungwa kwa tepu nyeusi, au umekatwa karibu na shingo kabisa. Fundi aliyefanya hivyo alijua shawa itapasha bila huo. Ni kweli inapasha. Lakini mtu anayesimama chini yake yuko uchi, amelowa, miguu kwenye sakafu yenye maji, na kati yake na umeme uliovuja hakuna kitu kingine isipokuwa mwili wake. Mtoto anayelia kwamba maji ya bafuni yanamchoma vidole akigusa koki hadeki. Zima breka siku hiyohiyo na usiwashe mpaka ethi ipatikane.

Mwambie fundi umeme apime ethi kwa mita, si kwa kuitazama. Mwambie pia afunge kikata umeme cha miliampia 30, kile mafundi wanachokiita RCD, kwenye laini ya bafu. Kinakata umeme mara moja unapovuja, kabla haujaua. Ukiwa na hela ya kimoja tu kati ya hita ya hadhi na RCD pamoja na ethi nzima, nunua hita ya kawaida, hela iende kwenye RCD na ethi. Kama hujui nyaya, usiziguse; kazi ya umeme ya bafuni ni ya fundi mwenye leseni.

Kagua Luku

Mtu akioga dakika 10 kwa shawa ya kilowati 5.5 anatumia karibu uniti 0.9. Watu wanne kwa siku ni uniti 3.7, na kwa mwezi ni 110. Walio kundi la D1, la watumiaji wadogo wa majumbani, wana kikomo cha uniti 75 kwa mwezi. Yaani maji ya kuoga peke yake yanawatoa kwenye kundi, kabla ya friji na taa. Uniti ya D1 imezoeleka kwa shilingi 122 na ya T1, kundi la matumizi ya kawaida, kwa shilingi 356, kodi na tozo zikiwamo, kwa hiyo shawa inapandisha bei ya umeme wote unaowaka ndani ya nyumba. Wakioga dakika 5 kila mmoja, ni uniti 55. Inawezekana, lakini kwa nidhamu.

Usidhani hita ya tangi inakukwepesha na hesabu hiyo. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 18 hadi 60 kunakula uniti 2.4, na maji yakikaa yanapoteza joto. Tofauti ni kwamba tangi lina mwisho: maji ya moto yakiisha, anayechelewa bafuni anatoka mwenyewe.

Sasa chagua

Shawa ya umeme inafaa nyumba yenye bafu moja, maji yasiyo na chumvi, waya mnene na ethi nzima. Ni rahisi kununua na haipotezi joto kwa kusubiri. Kwa vyumba vya kupanga naipendekeza pale tu mwenye nyumba anapokubali kuvuta laini mpya.

Hita ya tangi ni chaguo langu kwa familia yenye waya wa kawaida. Lita 50 za nyuzi 60, zikichanganywa na maji baridi ya nyuzi 18, zinatoa karibu lita 95 za nyuzi 40. Kwa mtu anayetumia lita 20 hadi 25, hapo wameoga wanne. Lita 30 zinawatosha wawili. Lita 80 ni za familia kubwa, lakini kwa elementi ya wati 1,500 zinachukua zaidi ya saa mbili na nusu kupata moto, na zikijaa pamoja na tangi zinapita kilo 100 ukutani. Kwenye ukuta wa tofali za kuchoma zilizojengewa udongo, kama zilivyo nyumba nyingi za Iringa na Mbeya vijijini, usitundike mzigo huo. Jenga stendi ya chuma ya kuubeba kutoka sakafuni.

Sola, kwa aliyejenga kwake na anayeweza kulipa mwanzo, ndiyo inayomaliza shida ya Luku. Lita 150 zinatosha watu wanne hadi watano. Ila sola ya kawaida haina pampu: maji yanapanda yenyewe kwa joto, na maji baridi lazima yaingie kwa kushuka. Kwa hiyo simtanki inatakiwa kuwa juu kuliko tangi la sola. Hapo ndipo nyumba nyingi zinapokwama, kwa sababu simtanki imekaa kwenye dari na sola juu ya bati. Kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta, ielekeze kaskazini, mbali na kivuli cha mti au mnara. Fundi seremala akague kenchi, maana ikijaa inaweza kupita kilo 200. Chagua yenye elementi ya umeme ya akiba, kwa ajili ya wiki za mawingu. Huko Makete, karibu na Kitulo ambako jalidi huanguka kipupwe, sahani bapa za mabomba ya maji zinaweza kupasuka usiku. Mirija ya vioo inastahimili zaidi.

Hita ya gesi ya papo hapo haigusi Luku, lakini moto wake unaweza kutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inaua mtu akiwa bado anaoga. Ifungwe ukuta wa nje, kamwe si ndani ya bafu, hata kama bafu lina dirisha. Na nyingi zinadai presha kuliko inayotoka kwenye simtanki ya darini.

Koili ya kuchovya kwenye ndoo si mfumo wa maji moto. Imeshaua watu waliotia mkono kwenye ndoo kupima joto kabla ya kuchomoa. Ukiwa nayo, iondoe nyumbani.

Dukani tazama alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), dhamana iliyoandikwa na kugongwa muhuri, na uulize swali moja: elementi, thamostati na anodi ya hita hii mnazo hapa? Wakikuambia ziagizwe, nenda duka jingine.

Siku ya kubadilisha hita ya tangi

1. Zima breka ya hita kwenye meni swichi, bandika karatasi ya onyo ili mtu asiiwashe. Fungua kifuniko na uhakikishe kwa testa kwamba umeme haupo. Acha maji yapoe, au fungulia bomba la moto mpaka yatoke baridi.

2. Funga koki ya maji baridi inayoingia kwenye hita. Kama haipo, funga ya simtanki, na leo hii uweke koki ya hita.

3. Fungua bomba la moto la bafuni ili hewa iingie, halafu inua kijiti cha vali ya usalama na uyaelekeze maji kwenye ndoo kwa mpira. Usiharakishe. Anayefungua nati ya chini kabla tangi halijaisha maji anabeba mzigo ambao hajaupangia.

4. Piga picha ya nyaya kwa simu kabla ya kuzifungua. Kwenye nyumba za zamani nyekundu ni laini, nyeusi ni nyutro. Kwenye mpya ni kahawia na bluu. Ethi ni kijani, au kijani na njano.

5. Shusheni hita watu wawili. Tazama bolti za ukutani: zikicheza, toboa mahali papya na uweke bolti nene za kutanuka. Usitegemee tundu lililolegea.

6. Tundika mpya, hakikisha imenyooka. Alama ya bluu ni maji baridi yanayoingia, nyekundu ni ya moto yanayotoka. Funga vali ya usalama kwenye bluu, mshale ukielekea kwenye tangi, na katikati ya vali hiyo na tangi usiweke koki. Tundu lake livishwe mpira mwembamba unaoshuka mpaka kwenye shimo la bafu, ukiwa wazi mwisho wake. Njia ya moto tumia bomba za PPR, plastiki inayostahimili maji moto, zilizounganishwa kwa kuchomwa. PVC ya kawaida inalegea kwa joto.

7. Jaza maji kabla ya umeme. Fungua koki, acha bomba la moto wazi. Mwanzoni litakohoa hewa, kisha maji yatatoka mfululizo bila kukatika. Hapo tu ndipo tangi limejaa. Elementi ikiwashwa nje ya maji inaungua kwa dakika chache, na dhamana hailipi. Shawa mpya ya umeme nayo ipitishe maji kwanza, swichi ikiwa imezimwa. Kwa sola ya mirija ya vioo, jaza alfajiri au mirija ikiwa imefunikwa: maji baridi yakigusa kioo kilichopigwa na jua, kinapasuka.

8. Fundi aunge nyaya, ethi ikiwa ya kwanza. Pangusa viungo vyote kwa karatasi kavu na ukague uvujaji. Washa, kisha bonyeza kitufe cha majaribio cha RCD. Kisipokata, usimruhusu mtu aoge.

9. Weka thamostati nyuzi 60. Chini sana, bakteria wanaoishi kwenye maji ya uvuguvugu wanazaliana tangini. Juu zaidi, unachoma Luku. Lakini maji ya nyuzi 60 yanababua ngozi kwa sekunde chache, kwa hiyo watoto wafunguliwe maji baridi kwanza, ya moto yafuate.

Maji ya mamlaka yakikatika na simtanki ikaisha, zima hita mpaka yarudi. Andika tarehe ya kufunga kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa hita. Mwaka ukitimia, mwite fundi afungue anodi. Kwa maji ya chumvi, miezi sita. Ikiwa waya wa katikati umeanza kuonekana, ibadilishe siku hiyohiyo.